Jinsi ya kutoka kwenye mkataba wa jimu, kwa maneno ya aliyekuwa akipokea barua zenu

Nilikaa mapokezi ya jimu miaka sita. Mimi ndiye niliyewaandikisha watu walipojiunga, na mimi ndiye niliyepokea barua zao walipotaka kuondoka. Chini ya kaunta palikuwa na droo ya barua hizo. Baadhi zilitoka siku hiyohiyo zikaenda kwa meneja, jina likaondolewa kwenye orodha ya makato, mambo yakaisha. Nyingine zililala humo mpaka mwenyewe akarudi baada ya miezi mitatu, taarifa ya benki mkononi, akiuliza mbona bado anakatwa. Ilifika mahali nikawa najua, kwa kuisoma tu barua, kama itatoka au italala. Ninachoandika hapa ni kile nilichokuwa natamani kumwambia kila aliyesimama mbele yangu, ila kazi haikuniruhusu.

La kwanza: kuacha kwenda hakukutoi. Hili ndilo lililowaumiza wengi kuliko jingine lolote. Mtu anaacha kuja, anajiambia atarudi wiki ijayo, wiki inazaa mwezi, na ada inakatwa vilevile. Wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walipitia kumbukumbu za wanachama zaidi ya 7,000 wa jimu tatu za Marekani na kuchapisha walichokiona mwaka 2006. Kwa wanachama wa kulipa mwezi kwa mwezi waliojitoa, kati ya siku ya mwisho mtu kufika na siku ya kujitoa ilipita wastani wa zaidi ya miezi miwili. Nilipolisoma hilo niliwaona wanachama wangu mmoja mmoja. Na hao walikuwa watu ambao mkataba haukuwabana. Wangeweza kuondoka muda wowote. Kwa hiyo kama moyoni umeshaamua, andika wiki hii. Kila siku unayosubiri ina bei yake.

Uwe na mkataba mkononi kwanza

Namaanisha mkataba wenyewe, karatasi au faili uliyoikubali. Kipeperushi hakitoshi, wala maneno ya kijana aliyekuuzia. Kama ulijiunga mtandaoni, rudi kwenye barua pepe ya siku ile. Masharti mara nyingi yameambatishwa au kiungo chake kipo. Usipoyapata, omba nakala, na uombe kwa maandishi. Usione aibu kuomba. Niliwahi kumwona mwanachama akiachiliwa bila mabishano kwa sababu tulitafuta makabati yote tusipate karatasi yenye sahihi yake.

Ukiipata, isome na kalamu. Angalia tarehe mkataba ulipoanza, maana huenda si siku uliyotia sahihi. Angalia muda wa chini uliofungwa, iwe miezi 3, 6 au 12. Angalia notisi inatolewa kwa njia gani: barua tu, barua pepe, fomu ya mtandaoni, au lazima ipelekwe makao makuu badala ya tawi unalofanyia mazoezi. Barua nyingi zilizolala kwenye droo yangu zilikuwa zimeandikwa vizuri, ila zimeletwa mahali ambapo mkataba haukusema ziletwe. Mimi nilikuwa nimekatazwa kuzikataa na sikuwa nimeagizwa kuzisafirisha.

Hapo penye notisi soma neno kwa neno. Siku 30 na mwezi mmoja wa kalenda ni vitu viwili tofauti. Mkataba ukisema siku 30, hesabu inaanza barua ikishapokelewa. Ukisema mwezi mmoja kamili wa kalenda, barua iliyofika tarehe 2 itaanza kuhesabiwa tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na wewe utalipa karibu miezi miwili. Nimewaona watu wakibeba mzigo wa mwezi mzima kwa kuchelewa siku mbili. Ikiwa wako umeandikwa hivyo, hakikisha barua imefika kabla mwezi haujafunga.

Kisha tafuta mahali panaposema mkataba utajihuisha. Mingi ya mwaka mmoja, usipoukata, unaanza mwaka mwingine wenyewe. Weka ukumbusho kwenye simu, na tarehe ya kuweka ni ile ya mwisho ya kutoa notisi, ambayo huja kabla ya mkataba kuisha. Wengi huweka ya pili na kuikosa ya kwanza.

Jambo la mwisho la kuangalia ni umefungwa na nani. Utashangaa. Wakati mwingine jina lililo kwenye mkataba si la jimu bali la kampuni inayokusanya ada kwa niaba yake, na huko ndiko notisi inakotakiwa kwenda, au kwenda nakala yake. Na kama una kocha binafsi, kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye ana karatasi yake peke yake. Nitalirudia hilo, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kama hujamaliza wiki mbili, harakisha

Sheria za nchi nyingi zinampa mnunuzi siku chache za kughairi bila kutoa sababu yoyote. Katika Umoja wa Ulaya ni siku 14 kwa mkataba uliofungwa mtandaoni, kwa simu au nje ya ofisi ya muuzaji. Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, ya mwaka 2012, ina sehemu inayohusu huduma za aina hii, mazoezi ya mwili yakiwemo, na inatoa siku 10. Ontario, huko Kanada, ni siku 10 pia. Ukiwa ndani ya siku hizo usijieleze. Andika kwamba unaghairi, taja tarehe ya mkataba, omba urudishiwe ulicholipa. Ukianza kueleza sababu unampa mtu wa upande wa pili kitu cha kujibu, na huku mnajibizana siku zinakwisha. Huenda ukatakiwa kulipia siku ulizokwishatumia. Hilo ni haki yao.

Siku hizo zikiwa zimepita, bado sheria inaweza kuwa upande wako. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2008 ya kuwalinda walaji inamruhusu mtu kuukata mkataba wa muda maalumu kwa notisi ya siku 20 za kazi, ingawa jimu inaruhusiwa kudai fidia iliyo ya kiasi. Ujerumani, mikataba iliyofungwa tangu Machi 2022 haiwezi tena kujihuisha kwa mwaka mzima kimyakimya. Ukiisha muda wa mwanzo, notisi ya mwezi mmoja inatosha, na tangu Julai 2022 tovuti inayouza mikataba ya namna hii lazima iwe na kitufe cha kuikatisha. Uingereza, mwaka 2011, Mahakama Kuu ilipitia mikataba ya kampuni iliyokuwa ikiwatengenezea jimu nyingi mikataba na kuwakusanyia ada. Iliona kwamba kumfunga mwanachama wa kawaida zaidi ya miezi 12, kwa masharti yale, hakukuwa haki, na sababu mojawapo ni hiyo niliyoanza nayo: watu hujiunga wakikadiria vibaya watakuja mara ngapi.

Sheria itakayokusaidia ni ya nchi uliyomo. Tafuta sheria yake ya kulinda walaji au watumiaji, usome panapohusu siku za kughairi, mikataba ya huduma zinazoendelea na masharti yasiyo ya haki. Taasisi ya kutetea walaji, ikiwapo, huwa na mtu wa kujibu swali kama hili bure. Ukiweza kutaja kifungu cha sheria ndani ya barua yako, kitaje. Meneja wetu alizisoma barua za namna hiyo akiwa amesimama.

Ukiwa bado ndani ya muda uliofungwa

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema, na mara nyingi bila sababu. Mikataba mingi ina mlango wa kutokea kwa ugonjwa, ujauzito, kuhama au kupoteza kazi. Mlango huo unafunguliwa kwa karatasi.

Kwa ugonjwa au jeraha, barua ya daktari haihitaji kutaja ugonjwa wako. Sisi hatukuwa na haki ya kuujua, na wewe huna wajibu wa kuuanika kaunta, mbele ya foleni. Inatakiwa iseme mambo matatu: kwamba huwezi kufanya mazoezi, tangu lini, na kwa muda gani au kama ni kwa muda usiojulikana. Barua iliyosema tu "apumzike" ilirudishwa. Iliyosema "asifanye mazoezi ya viungo kwa muda usiopungua miezi sita kuanzia tarehe fulani" ilipita. Mwambie daktari wako hivyohivyo, ataelewa.

Kwa kuhama, angalia kama mkataba unataja umbali. Kuna unaosema uwe umehamia mbali kiasi fulani na tawi lolote lao. Leta mkataba wa nyumba mpya, bili, au barua ya mwajiri. Kwa kupoteza kazi ni barua ya kuachishwa. Toa nakala, asili ibaki kwako.

Upo mlango mwingine ambao watu husahau kabisa: jimu yenyewe ikishindwa kutoa ulichonunua. Bwawa limefungwa miezi miwili. Saa za asubuhi zimeondolewa na wewe ulijiunga kwa ajili ya saa hizo. Mashine nusu zimeandikwa "mbovu". Jimu imehama mtaa. Ada imepanda katikati ya mkataba bila mkataba kuruhusu. Hayo ni makosa ya upande wao, na mkataba unafunga pande mbili. Anza kuandika: tarehe, kilichokosekana, picha. Peleka malalamiko kwa maandishi uwape muda wa kurekebisha, tuseme siku 14. Wasiporekebisha, barua ya pili inasema kwamba wamevunja mkataba na wewe unautoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mambo haya daftari limewaokoa watu ambao kwa maneno matupu wangeshindwa.

Kama hakuna mlango wowote kati ya hiyo, zungumza. Uliza uhamishe uanachama kwa mtu mwingine. Jimu nyingi zinakubali kwa ada ndogo kwa sababu hazipotezi kitu. Uliza kiasi cha kulipa mara moja ili uwe huru. Kama umebakiza miezi mitano, mwambie meneja uko tayari kulipa miwili leo na mkataba ufungwe leo, kwa maandishi. Nimeiona ikikubaliwa mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa mwisho wa mwezi meneja anapofunga hesabu.

Utakachoambiwa kaunta

Nilifundishwa maneno ya kusema, na niliyasema. Naumia nikikumbuka baadhi ya niliowaambia.

"Meneja hayupo." Basi usimsubiri. Acha barua, omba igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea pamoja na tarehe, kwenye nakala yako.

"Tutakupigia." Jibu kwamba unapenda majibu kwa barua pepe. Simu haiachi alama. Ikiwa wamekupigia, andika dakika ileile: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo saa nne asubuhi, ambapo mmesema uanachama wangu unaisha tarehe fulani." Wasipopinga, umeshapata karatasi.

"Kwa nini tusikusimamishie tu kwa muda?" Hili ndilo nililolitumia zaidi, kwa kuwa linasikika kama huruma. Kusimamisha kunamfaa mtu atakayerudi: aliyevunjika mkono, anayesafiri. Kwa anayetaka kutoka ni mtego. Miezi miwili ya kusimamisha husogeza mwisho wa mkataba miezi miwili mbele, kuna ada ndogo inayoendelea kukatwa, na siku ikifika makato kamili yanarudi bila mtu kukukumbusha. Kama huna nia ya kurudi, kataa kwa upole.

"Lazima uje mwenyewe." Rudi kwenye mkataba. Kama haujasema hivyo, huna haja ya kwenda.

Usigombane na aliye kaunta. Hana mamlaka, na mara nyingi anaona unachokiona. Mtu aliyeniambia "dada, najua si wewe, naomba tu unisainie hapa" alipata sahihi yangu kila mara.

Barua yenyewe

Iwe fupi. Barua ndefu zenye kisa kizima cha maisha ndizo zilizolala, maana msomaji hakujua mtu anaomba, analalamika au anaaga. Usiandike "naomba kama inawezekana". Unatoa notisi, huombi ruhusa. Andika hivi:

*Tarehe ...*

*Kwa Meneja, (jina la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba)*

*YAH: NOTISI YA KUSITISHA UANACHAMA NAMBA ...*

*Mimi, (jina kamili), natoa notisi ya kusitisha mkataba wangu wa uanachama ulioanza tarehe ..., kwa mujibu wa kifungu cha ... cha mkataba huo. Notisi inaanza leo na inaisha tarehe ... . Malipo yangu ya mwisho ni ya tarehe ... . Baada ya hapo naondoa idhini ya kukatwa fedha kwenye akaunti au kadi yangu.*

*Notisi hii inahusu pia mkataba wa kocha binafsi namba ..., ulioanza tarehe ... .*

*Naomba mnithibitishie kwa maandishi ndani ya siku 7 kwamba mmeipokea, tarehe mkataba utakapoisha, na kwamba baada ya hapo sitadaiwa chochote.*

*(Jina, sahihi, anwani, barua pepe)*

Kama una sababu ya kutoka kabla ya muda, ongeza sentensi moja na utaje kiambatisho: "Naambatanisha barua ya daktari ya tarehe ..." Inatosha.

Ifikishe kwa njia mbili. Moja iwe ile iliyotajwa kwenye mkataba, nyingine iwe barua pepe. Kama mkataba unataka barua ya posta, tuma ya rejista utunze risiti. Kama ni fomu ya mtandaoni, piga picha ya skrini kabla ya kubonyeza na baada ya kubonyeza, namba ya kumbukumbu ionekane. Siku 7 zikipita kimya, tuma tena ukiambatisha ya kwanza. Tarehe inayohesabika inabaki ile ya kwanza, iseme wazi.

Usianze na benki

Najua hasira ilivyo. Mtu anatoka kaunta moja kwa moja anafunga makato, anahisi amemaliza. Mkataba ukiwa bado hai, kufunga makato kunakufanya mdaiwa. Kuna faini ya kuchelewa, kisha deni linapelekwa kwa wakusanya madeni, na sehemu nyingine linaingia kwenye rekodi yako ya mikopo. Niliwaona watu waliokuwa na haki yote ya kuondoka wakigeuzwa kuwa wenye makosa kwa hatua hiyo moja.

Wala kubadilisha kadi hakusaidii sana. Visa na Mastercard zina huduma inayowapelekea wafanyabiashara namba mpya kadi ya mteja inapobadilishwa, kwa hiyo makato yanaweza kukufuata hadi kwenye kadi mpya.

Benki ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni baada ya tarehe uliyoandika kwenye notisi. Wakikukata tena baada ya siku hiyo, hapo nenda haraka ukiwa na barua na uthibitisho. Kwa makato ya moja kwa moja ya mfumo wa SEPA unaotumika Ulaya, una wiki 8 za kudai urudishiwe bila hata kutoa sababu. Mahali pengine utajaza fomu ya kupinga malipo, na kila benki ina siku zake za mwisho. Usiache miezi ikajazana ukidhani wataona kosa wenyewe.

Wakikataa kabisa, panda ngazi: makao makuu, kisha taasisi ya kutetea walaji, kisha mahakama ya madai madogo, ambako kwingi huhitaji wakili. Mara nyingi barua inayosema "nisipopata jibu hadi tarehe fulani nitapeleka malalamiko mahali fulani" ndiyo iliyolimaliza.

Kocha binafsi

Hapa naomba utulie, kwa kuwa mkataba wa kocha una ugumu wake, na nusu ya ugumu huo uko moyoni.

Kwanza ujue kocha wako anafanya kazi kwa nani. Wapo walioajiriwa na jimu, na hapo mkataba wako ni na jimu. Wapo wanaolipia nafasi ndani ya jimu na kujitegemea, na hapo mkataba ni kati yako na yeye. Kukatisha uanachama hakukatishi vipindi vya kocha, na kukatisha vya kocha hakukatishi uanachama. Mama mmoja alijitoa kwenye jimu kwa utaratibu wote, na kwa miezi minne akaendelea kukatwa fedha za kocha wa jengo ambalo hakuruhusiwa tena kuingia. Ndiyo maana kwenye barua hapo juu nimeweka sentensi ya kocha.

Kisha hesabu vipindi. Mikataba mingi ya kocha ni ya furushi la vipindi lenye tarehe ya kuisha. Omba orodha ya vipindi ulivyofanya, na uilinganishe na kalenda yako kabla ya kutoa notisi. Utakuta vilivyohesabiwa ambavyo hukufanya, kwa sababu uliahirisha zikiwa zimebaki chini ya saa 24, au kwa sababu kocha ndiye aliyeahirisha na mtu akasahau kurekebisha. Mabishano hayo ni mepesi mkiwa bado mnaonana.

Sasa marejesho. Tuseme ulinunua vipindi 20 kwa bei ya 15, na umefanya 8. Wewe unahesabu kwamba vimebaki 12 kati ya 20, kwa hiyo unastahili asilimia 60 ya ulicholipa. Wao watahesabu hivi: punguzo lilikuwa la kununua 20, umeacha njiani, kwa hiyo vile 8 ni kwa bei kamili, ulilipia 15, ukitoa 8 zimebaki 7, ambayo haifiki asilimia 47. Hesabu ipi ni sahihi inategemea kilichoandikwa. Kama mkataba hausemi kwamba punguzo linafutwa, shikilia yako, na uiandike hivyo, kwa namba, ili mtu asome na kuona.

Kocha akiondoka, usikubali haraka "tutakupa mwingine". Kama mkataba unamtaja kwa jina, au ulinunua kwa sababu ya ujuzi wake maalumu, tuseme kumrudisha mtu kwenye mwendo baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, una hoja ya kudai fedha za vipindi vilivyobaki. Mwingine anaweza kuwa mzuri, lakini si huyo uliyekubaliana naye.

Na kuhusu moyo: watu wengi hawaachi kocha kwa sababu wanamwonea haya. Ameshajua uzito wako, maumivu yako, siku ulipolia ukiwa juu ya mkeka. Mwambie ana kwa ana, au kwa ujumbe wako mwenyewe, kabla barua haijafika kwa meneja. "Kocha, nimeamua kusimama. Nashukuru kwa kazi yako. Leo napeleka notisi ofisini." Usimwombe yeye akufutie mkataba, mara nyingi hana uwezo huo, na wakati mwingine sehemu ya kipato chake inatokana na wewe kubaki. Makocha niliofanya nao kazi waliumizwa na mteja aliyepotea kimya kuliko aliyeaga. Usitoweke tu.

Mwanachama akifariki

Nilipokea wafiwa. Alikuja kijana na barua ya kumwondoa kaka yake, na nikalazimika kumuuliza kama ana cheti. Jambo hili halipaswi kuwa gumu, lakini makato hayajui msiba. Peleka nakala ya cheti cha kifo pamoja na namba ya uanachama, omba mkataba ufungwe kuanzia siku ya kifo na fedha zilizokatwa baada ya siku hiyo zirudishwe. Kama huna namba ya uanachama, jina kamili na tarehe ya kuzaliwa vinatosha kumpata mtu kwenye mfumo. Usikubali kuambiwa utoe notisi kwa niaba ya marehemu.

Siku ya mwisho

Toa vitu vyako kwenye kabati kabla kadi yako haijazimwa. Rudisha ufunguo na kadi, uandikiwe risiti, maana ufunguo usiorudishwa huzaa ada ndogo, na ada ndogo isiyolipwa huweka akaunti yako wazi. Kama mlangoni mlikuwa mnaingia kwa alama ya kidole au sura, omba kwa maandishi zifutwe. Ondoa kadi yako kwenye programu ya simu kabla hujaifuta programu yenyewe. Ukitangulia kuifuta, namba ya kadi inabaki kwao.

Barua, risiti na uthibitisho viweke mahali pamoja. Angalia taarifa ya benki mwezi wa kwanza baada ya kuondoka, na wa pili, na wa tatu.